Swichi Ifungwe

Saa sita na dakika ishirini mchana, siku ya kumi na nne ya jaribio, maji ya tangi yalikuwa nyuzi ishirini na nne. Yalitakiwa kuwa hamsini na tano.

Olweny, injinia kutoka Tororo, alipima tena. Ishirini na nne. Juu ya paa la wodi ya uzazi, katika zahanati iliyo nje kidogo ya Lunyo, mirija ishirini ya kioo ilikuwa juani tangu asubuhi. Mirija hupasha maji moto. Pampu huyazungusha hadi kwenye tangi. Jaribio likifaulu, mtambo ungebaki hapo. Likishindwa, ungehamishiwa zahanati ya Paya, na Kevina, mhudumu wa wodi, angeendelea kuwachemshia akina mama maji kwa kuni, kama alivyofanya kwa miaka tisa.

Kevina alimpa karatasi ya ukaguzi. Siku kumi na nne, neno moja: imefungwa.

"Kila asubuhi nakwenda naangalia," alisema. "Hata Jumapili, kabla ya misa."

Olweny alifungua kisanduku cha ukutani. Pampu ilikuwa imezimwa. Juu ya swichi kulikuwa na karatasi yenye mwandiko wake mwenyewe: SWICHI IFUNGWE SAA ZOTE.

"Nani alizima?"

"Nani azime? Siku ulipoondoka nilikuta umeisahau wazi, taa yake inawaka. Nikaifunga."

"Kufunga swichi ni kuiunganisha, Kevina. Ili umeme upite."

Sista Harriet, mkuu wa wodi, alikuwa mlangoni. "Ati? Huko kwenu Tororo taa mnaifunga ndiyo iwake? Na redio mnaifungua inyamaze?"

Kevina hakucheka. "Na jioni ulikuwa unapiga simu. 'Imefungwa?' Nasema imefungwa. Unasema, vizuri sana, dada."

Olweny alikuwa amepiga simu mara kumi na tatu.

"Basi iwashe, Injinia," Harriet alisema. "Jua lipo. Ripoti ya jaribio si leo saa kumi na moja?"

Bila pampu, maji ya mirija yalikuwa yametoka yote kama mvuke. Kanuni ilikuwa wazi: mirija iliyokauka juani hufunikwa, huachwa ipoe hadi usiku, ndipo maji yaingizwe. Olweny alipiga hesabu. Jua la saa nne na nusu zilizobaki lingefikisha maji nyuzi arobaini; hazikutosha, lakini angalau zingeonyesha kwamba mtambo unafanya kazi.

Aliwasha.

Mrija wa kwanza ulipasuka baada ya sekunde tisa. Alipozima, ilikuwa imepasuka kumi na saba, na maji ya moto yalikuwa yakishuka ukutani.

Alimpigia Adeke, mkuu wa utafiti. Adeke aliuliza kama kuna mirija ya akiba. Haikuwapo. Akauliza mtambo utafika Paya lini. Olweny alisema hautafika.

Saa saba na dakika tano, mama aliyejifungua alfajiri aliomba maji ya kuoga. Kevina alikwenda stoo kuleta kuni.