Chuma cha Paja la Kaka

Kaka alirudi nyumbani ndani ya kopo la plastiki la rangi ya kijivu, lenye kifuniko cha kuzungusha. Dereva wa idara ya afya aliyelileta alitaka kunipa kupitia dirishani, injini ikinguruma. Nikamwambia ashuke. Akashuka, akavua kofia, akanikabidhi kwa mikono miwili. Lilikuwa zito kuliko nilivyodhani, na nilipolipeleka ndani nililikumbatia kifuani, kwa maana sikujua kopo la namna hiyo hubebwaje.

Kaka alikuwa fundi umeme. Alikwenda kufanya kazi katika mji ulio mbali nasi, homa ikaingia mji ule, naye ikampata. Waliokufa kwa homa ile hawakurudishwa kwao kuzikwa. Walichomwa kwa amri ya serikali, na ndugu hawakuruhusiwa kufika. Simu ya kwanza ilitwambia amelazwa. Ya pili ikatwambia yamekwisha. Katikati hapo hatukumsikia wala kumwona.

Mama alilitazama kopo pale mezani. "Hili ni nini?"

"Ndiye Kaka, Mama."

"Hili ni jivu. Nimepika kwa kuni tangu nina akili zangu, jivu nalijua."

Akaenda jikoni kuchochea moto.

Watu walikuja kutupa pole. Wanaume walikuja wakiwa tayari kwa kazi ya kuchimba kaburi, wakakuta hakuna cha kuchimba, wakakaa uani mikono mapajani kama watu waliofika stendi basi limeshaondoka. Wanawake walikuja wakiwa na kilio tayari kooni. Mama akawapokea kwa chai, akawauliza habari za watoto wao, na kilio kikawarudi tumboni. Mama mmoja wa mtaani akajitahidi, akamshika mkono na kumwambia kazi ya Mungu haina makosa.

"Ya Mungu haina," Mama akamjibu. "Ya hospitali je?"

Baada ya siku chache wakaacha kuja. Siwalaumu. Mfiwa asiyelia huwachosha watu, hawajui wamwambie nini. Alibaki Shangazi tu, dada yake marehemu Baba, aliyekuja na kapu lake akasema haondoki mpaka wifi yake amwage machozi, hata kama ni ya kitunguu.

Mama hakuwa na machozi kwa sababu, kwake yeye, hakuna aliyekufa. Kila asubuhi alimpigia Kaka simu. Akisikia haipatikani, alisema chaji imemwishia. Chakula chake alikila nusu, nusu akaifunika. Miguu yake ilianza kuvimba, nasi tukajua hamezi dawa zake za presha, maana alisema ana mgonjwa wa kumfikiria na hana nafasi ya kuumwa mwenyewe. Kisha nikamkuta anapanga nguo kwenye begi. Alikuwa amesikia redioni kwamba mabasi ya kwenda mji ule yataanza tena Jumatatu.

"Unakwenda wapi, Mama?"

"Kumtafuta mwanangu. Wamemchanganya na mtu. Nitapita wodi kwa wodi."

"Homa bado ipo kule!"

"Basi ndiyo maana anahitaji mtu wake."

Shangazi alinivuta hadi nyuma ya nyumba. "Akienda huyu hatarudi. Na akirudi, atarudi ndani ya kopo kama lile. Umsemeshe wewe uliyesoma."

Nilimsemesha. Nilimwambia habari za vipimo, za orodha, za namna wanavyofunga miili. Alinisikiliza kwa subira, kama mtu anayemsikiliza mtoto akihesabu. Nilipomaliza, akasema, "Kaka yako alikuwa na chuma pajani."

Alikuwa nacho kweli. Akiwa kijana, bado anajifunza kazi, alianguka kutoka juu ya nguzo, mfupa wa paja ukavunjika vibaya, wakamwekea bamba la chuma na skrubu. Mama ndiye aliyemuuguza. Alimbeba chooni mgongoni, kijana mkubwa aliyemzidi urefu, miguu ikiburuzika.

"Nyama inaungua," Mama akasema. "Mfupa unaungua. Chuma hakiungui. Nionyesheni chuma cha mwanangu ndani ya jivu hilo, nami nitakaa chini nilie, na Jumatatu siendi popote."

Nilifungua kopo. Nilikuwa sijalifungua hata mara moja. Ndani mlikuwa na mfuko mzito wa nailoni, na ndani ya mfuko majivu ya rangi ya chokaa, yenye chengachenga kama mchanga wa kujengea. Niliuminya mfuko kwa nje, pole pole, juu mpaka chini. Hamkuwa na chuma.

"Mmeona?" alisema Mama, na uso wake ukachangamka. Ile furaha ndiyo iliyonitisha kuliko yote.

Kesho yake mchana niliporudi kutoka kazini nilimkuta Shangazi sebuleni, jasho linamtiririka, anamwita Mama kwa sauti ya mtu aliyeokota dhahabu.

"Wifi! Wifi njoo! Binti hakutafuta vizuri. Vijana wa siku hizi hata sindano kwenye sahani hawaioni. Hiki hapa!"

Kwenye gazeti, katikati ya majivu kidogo, palikuwa na kipande cha chuma bapa, urefu wa kiganja, kina matundu manne, na pembeni yake skrubu mbili. Nilimtazama Shangazi. Alikwepa macho yangu. Karibu na kwetu, mkabala na duka la dawa, kuna fundi wa kuchomelea mageti, na vumbi jeusi la pale kwake lilikuwa bado kwenye kanga ya Shangazi.

Mama alikaa. Akakichukua kile chuma, akakipangusa kwa kidole gumba, akakigeuza. Nikaona bega lake limeanza kutetemeka, nikafikiri, na Mungu anisamehe, basi na iwe hivyo. Kisha akakipeleka puani.

"Kinanuka grisi."

"Ni ya huko huko tanurini, wifi. Mitambo ile..."

"Na kina kutu." Mama alisema bila kupandisha sauti. "Daktari aliniambia, mama, chuma hiki hakishiki kutu, hata akizeeka nacho. Miaka yote hiyo kimekaa ndani ya damu ya mwanangu hakikushika kutu. Leo kimeshika kutu ndani ya jivu kavu?"

Shangazi akaanza kuziokota zile skrubu.

"Umekitoa wapi?"

"Wifi, mimi nilitaka upumzike tu."

"Umetia chuma cha geti kwa mwanangu."

"Si umesema si mwanao?" Shangazi akaropoka. "Si umesema ni jivu la kuni? Sasa unakasirikia nini?"

Mama alitazama majivu yaliyomwagika kwenye gazeti, juu ya picha ya mwanasiasa fulani, nusu ya uso wa yule bwana imefunikwa. Akaanza kuyakusanya kwa ukingo wa kiganja, polepole, hadi yakawa kichuguu kidogo. Hakuyarudisha koponi. Aliyakusanya tu.

"Mpigieni aliyemchoma," akasema.

Namba ilikuwa kwenye karatasi iliyobandikwa chini ya kopo. Nilipiga nikitegemea kukatiwa. Simu ikapokelewa na mwanamume mwenye sauti ya mtu anayekula. Nikajieleza. Akameza, akaniomba nisubiri, nikasikia mlango unafungwa na makelele ya mashine yakipungua. Nikaweka simu mezani, sauti ya nje, tukaizunguka wote watatu.

"Shikamoo mama," alisema.

"Marahaba. Wewe ndiye unayechoma?"

"Ndiye mimi. Mimi na mwenzangu mmoja."

"Mwanangu alikuwa na chuma cha pajani. Kiko wapi?"

"Vyuma tunavitoa, mama. Majivu yakipoa tunaviokota kwa koleo kabla ya kusaga, maana vinaharibu mashine. Tunaviweka kwenye pipa."

Shangazi alifunika uso kwa mikono. Ile "kusaga" ilinipata hata mimi.

"Mnipe cha kwangu."

"Siwezi, mama. Pipa likijaa hupelekwa kuyeyushwa. Limeshapelekwa. Na hata lingekuwepo, nisingeweza kukwambia kipi ni chake. Viko vingi. Magoti, nyonga, watu wana vyuma kuliko unavyofikiria."

"Ulimwona uso?"

"Hapana. Walikuja wamefungwa, na kufungua ni marufuku."

"Basi unajuaje kama ni yeye?"

Nikasikia yule bwana anavuta kiti. Nilimwomba moyoni amdanganye vizuri. Amwambie alikuwa na uso wa amani, alionekana amelala, chochote. Tulikuwa tumekwisha kudanganya sisi, angedanganya na yeye.

"Kwa macho sijui," akasema. "Namkumbuka? Simkumbuki, mama, nisikudanganye. Wiki zile walikuwa wengi mno, tulikuwa tunalala hapa hapa. Ninachokijua ni kimoja. Kila anayefika ana kibandiko chenye majina yake, juu ya mfuko. Mimi nayasoma kwa sauti, mwenzangu anatazama karatasi yake, yakilingana ndiyo tunamwingiza. Hakuna aliyepita mlango ule bila mimi kumtaja. Hata siku tuliyochoka tukawa hatusemeshani, majina niliyasoma. Na lake nililisoma."

"Ulilisoma kwa sauti?"

"Kwa sauti. Mashine inapiga kelele, ukinong'ona mwenzako hasikii."

Mama alisogea karibu na simu, kama vile yule mtu alikuwa humo ndani ya meza. "Ulilitamka vizuri? La babu yake watu hulikosea."

"Nililisoma kama lilivyoandikwa, mama. Labda nililikosea."

Hapo Mama akamtamkia. Majina yote matatu, lake, la Baba, la babu yetu, akilivuta lile la mwisho panapotakiwa. Tangu ile simu ya pili hakuwa amelitaja jina la Kaka. Alikuwa akisema "mwanangu" tu. Yule bwana akayarudia. Akakosea la babu. Mama akamtamkia tena, na yeye akarudia tena, sawasawa safari hii, kwa sauti kubwa, kama mtu anayetaka kusikika juu ya mashine.

"Ndivyo," Mama akasema.

Akateremka kitini hadi sakafuni. Sijui niieleze vipi sauti aliyoitoa. Haikuwa kilio cha msibani ninachokijua, chenye maneno na mapumziko. Ilikuwa kama kitu kizito kinachoburuzwa juu ya saruji. Shangazi aliyekuwa akiomba machozi sasa aliogopa, akawa anasema, "Basi wifi, basi, inatosha," mpaka nikamwambia aache, asimkatize. Yule bwana alikuwa bado kwenye simu. Hakusema pole wala hakusema lolote. Nilimsikia anapumua. Alikaa nasi muda mrefu hivyo, halafu mtu akamwita huko kwake, akaniomba ruhusa kwa sauti ya chini, nikamruhusu.

Jirani yetu mshonaji alikuja mbio, futi ya kupimia bado shingoni.

"Kuna nini? Nani tena?"

"Kaka," nikamwambia.

Akanitazama, akatazama ndani. Nilisubiri aniulize kama si tulikwisha kumlilia huyo. Hakuuliza. Alivua viatu mlangoni, akaingia, akakaa sakafuni nyuma ya Mama, akamwegemeza kifuani mwake. Wengine hawakuja. Walikuwa wamekwisha kutoa pole zao, na huwezi kuwaita watu msibani mara mbili.

Tulikuwa wanawake wanne na kopo. Mama alilia mpaka sauti ikakatika, akaendelea bila sauti. Giza lilipoingia aliomba maji, nikampa pamoja na vidonge vyake, akavimeza bila kubishana. Begi lilibaki kitandani na nguo zake ndani. Mimi na Shangazi tulipita kando yake mara nyingi usiku ule, na hakuna kati yetu aliyethubutu kulifungua.