Mwamba Uliotii Kitabu

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, Lomalanga Mnisi alikuwa ananing'inia kwenye fremu ya juu ya mlango wa jikoni kwa vidole vinane. Nyuma yake mafuta yalikuwa yanachemka. Mjomba wake, Fanyana Shabangu, alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akihesabu sekunde kwa saa ya mkononi na kula magwinya, maandazi ya duara ambayo mpwa wake alikuwa ameyakaanga ya kuuza.

"Arobaini," alisema Mjomba. "Funzo la kumi na moja. Kidole kikiuma, shukuru, maana yake bado unacho."

"Mjomba, hayo magwinya ni ya wateja."

"Arobaini na tano. Unaongea, kumbe pumzi unazo. Hebu toa mkono mmoja."

Akatoa mkono mmoja.

Mjomba Fanyana alikuwa na kilo mia moja na kumi na tatu, ugonjwa wa sukari, na goti la kushoto lililokwisha kustaafu. Miaka ishirini ya ujana wake aliwabebea kamba Chama cha Wapanda Miamba cha Ematjeni, yeye chini, wenye chama juu, akawatazama mpaka akayajua makosa yao yote kwa majina. Kupanda hakuwahi kupanda hata ngazi ya kubadilisha balbu. Lakini kufundisha, jamani! Kufundisha alizaliwa nako.

Lomalanga alitaka kitu kimoja tu, kadi ya mwongozaji. Asiye na kadi hukaa kwenye maegesho ya magari, anauza magwinya na kufua kamba za watu. Mwenye kadi, wageni wa kutoka Pretoria wanamfuata yeye, na akisema simameni, wanasimama. Sheria ya chama ilikuwa fupi: panda njia tatu zenye ugumu wa namba ishirini na tano au zaidi, ziandikwe kitabuni, uchukue kadi yako.

Njia ya kwanza aliyoichagua iliitwa Ndoa ya Pili. Kwa wapanda miamba, anayefika juu kwanza ndiye anayeipa njia jina, na hii aliipa jina mwenyekiti wa chama, Deon Vosloo, daktari wa meno, mwaka ule alipoachana na mke wake wa kwanza. Ilikuwa ishirini na tano kamili. Ilimchukua misimu mitatu, na alipofika juu alilia. Picha ya kilio hicho imetundikwa kwenye kibanda cha chama.

Lomalanga aliipanda Jumamosi moja mbele ya watu kumi na saba, kwa dakika ishirini na sita. Akashuka, akala chungwa.

Jumapili kamati ikamwita. Kamati ilikuwa watu wawili: Deon, na katibu wake Bheki Ngomane, mwenye kituo cha mafuta, mtu wa vipimo.

"Hongera sana, dada yetu," alisema Deon. "Umetusaidia kugundua kosa."

"Kosa gani, Mwenyekiti?"

"Ile njia si ishirini na tano. Ingekuwa ishirini na tano, usingeipanda."

"Lakini ulipoipanda wewe ilikuwa ishirini na tano."

"Nilipoipanda mimi, ndiyo," alisema Deon, kwa upole kabisa. Hakuwa mtu wa hila. Ndivyo alivyoamini, na alimsogezea Lomalanga sahani ya biskuti.

Bheki akakata namba kwa kalamu nyekundu, akaandika kumi na saba.

Kufikia Jumatatu asubuhi mwamba ulikuwa umeshatii. Kutoka mita arobaini ulikuwa umeshuka hadi ishirini na mbili, na pale palipokuwa panaingia ukucha tu, sasa palikuwa na mashimo ya kuweza kutunzia vyombo. Bheki alikuja na futi yake, akapima mara mbili.

"Si tulisema?" alimwambia Lomalanga. "Kumi na saba hii. Tena kwa kuipendelea."

Saa nne mbuzi wa jirani walikuwa juu, wanakula. Kitabuni, kwenye mstari wa Deon, ishirini na tano iliachwa ilivyo.

Lomalanga alikasirika siku mbili, siku ya tatu akarudi mlangoni kuning'inia. Mjomba akamwongezea mzigo: gunia la unga mgongoni, ngazi za stesheni mara thelathini, na mafunzo. Funzo la kumi na tisa, usimtazame anayekutazama. Funzo la ishirini, ukiteleza, teleza kwa heshima, kuna watoto. Baada ya miezi mitano akaipanda njia ya pili, Mbwa Bruno, namba ishirini na saba, mvua ikimnyeshea.

Kamati ikaandika kumi na mbili.

Safari hii mwamba ulikaa chini kabisa, ukawa kama ngazi za kanisa. Akina mama wa maombi, na sare zao nyeupe, walianza kupanda kila Jumatano na ngoma, mmoja akiwa na sufuria ya kuku kichwani. Watu wa Ematjeni walikuwa na malalamiko mawili. La kwanza, ukuta ule ulikuwa unawazuilia upepo wa Agosti, na sasa mabati yalipiga kelele usiku kucha. La pili, wageni walikuwa wamepungua, kwani nani atatoka Pretoria kuja kukwea ngazi?

"Dada Loma," jirani alimwita juu ya ua, "ukitaka kupanda tena, utuambie mapema tuanue nguo."

Magwinya yakaanza kulala. Lomalanga aliyatazama yale yaliyobaki kwenye beseni, akajua kwamba umebaki ukuta mmoja tu.

Ukuta huo ulikuwa nyuma ya stesheni ya zamani, mita sitini, juu umejikunja kuja mbele. Haukuwa na jina kwa sababu hakuna aliyewahi kuumaliza. Deon aliujaribu miaka kumi na mmoja, na mara zote alirudi pale pale pa katikati, akining'inia kwenye kamba na kulaumu viatu.

Lomalanga aliupanda siku ya Alhamisi asubuhi, ukungu umetanda, hakuna mtu ila Mjomba aliyemshikia kamba. Pale katikati aliacha kutafuta pa kushika, akapindua mwili, akapachika kisigino mwambani, juu kuliko kichwa chake mwenyewe, akajivuta. Alipofika juu alikaa akacheka peke yake mpaka tumbo likamuuma. Miaka thelathini na minne ya maisha yake hakuwahi kufurahi hivyo.

Aliposhuka, Mjomba hakumpongeza. Alikuwa anafuta macho kwa kofia.

"Jumapili tunaandika," alisema Lomalanga. "Ya tatu hii, Mjomba!"

"Ukiandika jina lako, Jumatatu hapa ni uwanja wa mpira."

Lomalanga akageuka. Akautazama ukuta.

"Andika la kwako, basi," alisema hatimaye.

"Acha utani."

"Sina utani. Mimi nautaka huu mwamba ubaki, na jina langu nalitaka, na siwezi kupata vyote viwili. Haya, mwalimu, nipe funzo!"

Mjomba akahesabu kwa vidole. Alikuwa amefika funzo la arobaini na tatu.

"La hili sina, mwanangu," alisema.

Jumapili Mjomba Fanyana aliingia kwenye kibanda cha chama kwa fimbo, akapumzika kwanza, kwa sababu kibanda kina ngazi tatu. Kisha akasema ameumaliza ule ukuta wa nyuma.

Deon alitazama goti. Akatazama tumbo. Akatazama fimbo. Lomalanga, amesimama mlangoni, aliomba Mungu mtu mmoja tu acheke. Mmoja tu, hata kwa bahati mbaya.

Deon akainuka, akamkumbatia Mjomba. "Nguvu za kizamani hizo! Siku zote nilijua unazo."

"Thelathini na moja," alisema Bheki, akiandika kwa wino mweusi. "Na jina la njia?"

"Lomalanga," alisema Mjomba, bila kuinua macho.

"Inapendeza sana," alisema Deon. "Kumkumbuka aliyekushikia kamba."

Jumatatu Bheki alipima ukuta, akakuta umeongezeka mita mbili. Mjomba akapewa kadi ya mwongozaji wiki hiyo hiyo, zile njia mbili nyingine zikasamehewa kwa heshima. Wageni wakarudi. Mjomba hukaa kwenye maegesho juu ya ndoo yake, kadi shingoni, huwaambia wamfuate mpwa wake. Hataki tena kula magwinya. Anasema ni sukari.

Kila asubuhi Lomalanga huupanda ule ukuta wa nyuma kabla ya mtu mwingine yeyote, ili awafungie wageni kamba huko juu. Kufunga kamba hakuandikwi kitabuni, na mwamba haujashuka hata kidole. Deon huwa chini na kikombe chake cha kahawa, anafanya mazoezi ya mabega. Bado anaujaribu. Jumanne iliyopita alimwona Lomalanga amefika katikati, akamwita kwa sauti.

"Dada Loma! Ukiwa hapo hapo, samahani, hebu niangalizie. Mzee Fanyana alipita vipi hapo?"

Lomalanga, akining'inia kwa mkono mmoja, akamwonyesha kwa mguu.