Mlio wa Mwanasesere

Darasa lilipotawanyika, msichana mmoja alibaki na muuguzi aliyewafundisha huduma ya kwanza, akimtazama anavyompangusa mwanasesere wa mazoezi.

"Nesi, Jumamosi bibi alianguka jikoni, akaacha kupumua. Nikambonyeza kifua kama ulivyotufundisha. Lakini hakutoa ule mlio, ka! Nikajua nakosea, nikaacha nisije nikamuumiza. Baba akarudi akamkuta amekufa."

Kitambaa kikamponyoka muuguzi. Miaka minane yote amewaambia watoto wasikilize mlio wa mwanasesere unaoonyesha wamebonyeza sawasawa, wala hata siku moja hakukumbuka kusema kwamba kifua cha mtu hakina mlio.

Mtoto akapanga viganja juu ya mwanasesere, akabonyeza. Ka!

"Sasa mbona hapa napatia?"