Hatua Arobaini Hadi Majini

Punje ya saba ilikataa kukaa. Kila Kigen alipoiweka juu ya jina la Watamu, iliteleza ikaenda kusimama Malindi, kwa sababu meza yao ya sebuleni hapo Cheptiret, karibu na Eldoret, ilikuwa imeinama upande wa mlango. Akakunja karatasi, akaisukuma chini ya mguu wa meza, akaanza tena.

Alikuwa amechora pwani yote nyuma ya kalenda ya mwaka jana, Lamu juu, Msambweni chini. Punje nyeupe za mahindi ziliwekwa penye mchanga laini, maharagwe penye mawe. Kila ufuo aliuchunguza kama shamba analotaka kukodi: udongo wake, mteremko wake, upepo, umbali kutoka barabarani. Kikambala ni tambarare kabisa. Malindi maji huwa ya tope mvua ikinyesha, mto ukishuka. Tiwi ina vijighuba vya kujificha upepo. Diani mchanga ni kama unga wa ngano.

"Bahari utaiona saa ngapi, na wewe unapanda mahindi kwa meza?" aliuliza Muthoni, jirani yao, aliyekuwa amekuja kuzoeana na ng'ombe. Ndiye angewakamua siku ambazo wao wangekuwa safarini.

"Mwache," alisema Jerop kutoka kiti cha dirishani. "Hata mimi alinichunguza hivyo. Miezi minane."

"Na akapata nini?"

"Mteremko."

Walicheka, na Kigen akacheka pia bila kuinua kichwa. Alipenda kusikia mke wake akitania. Miaka miwili nyuma, kiharusi kilimwangusha Jerop zizini, ndoo mkononi. Wiki tatu hakutamka neno la kueleweka. Ukutani mbele ya kitanda chake cha wodini kulikuwa na picha ya bahari, na siku moja asubuhi aliielekezea kidole, akasema polepole, "Nataka kusimama pale." Kigen alitoka nje akamshukuru Mungu akiwa ameshika ukuta. Tangu siku hiyo alijua ana deni ambalo hakuna mtu angemdai.

Jerop sasa aliweza kutembea hatua arobaini kwa fimbo, mahali palipo sawa. Hatua ya arobaini na moja mguu wa kushoto ulikataa. Asubuhi ulichelewa kulegea, hadi saa nne hivi. Kwa hiyo mpango ulikuwa wazi: siku tatu, fuo tatu, saa nne asubuhi kila siku, na maji yasizidi hatua arobaini kutoka mahali gari litakaposimama.

Alibakiza simu moja. Akampigia mtunzaji wa nyumba ya wageni kule Tiwi, akaweka sauti ya juu ili wote wasikie.

"Mabonga hapa. Mzee, unatoka Eldoret? Basi sisi ni majirani, mimi ni wa Webuye."

Kigen akamweleza tarehe, saa, hatua arobaini. Akauliza mchanga ukoje.

"Mzee, umeuliza kuhusu mchanga. Umeuliza maji yenyewe yatakuwa wapi?"

"Si yatakuwa baharini?"

Mabonga alicheka mpaka akakohoa. "Pole, mzee. Usione nakucheka wewe. Mimi nilipokuja huku niliamka siku ya kwanza nikakuta bahari haiko. Nilidhani nitaulizwa imeenda wapi! Maji hupwa na kujaa, kila siku. Na wiki hiyo yako mwezi ni mpevu. Saa nne asubuhi yamepwa kabisa. Huko Kikambala utayaona mbali kama uzi, na kufika ni kutembea juu ya mawe na mwani."

Kigen alitazama punje zake. Wiki mbili za kazi, na hakuwahi kuuliza. Bwawa la Cheptiret halijawahi kuondoka asubuhi likarudi jioni. Alimwona Jerop amesimama na fimbo mbele ya uwanja wa mawe, bahari iko kule, na hatua zimekwisha.

"Hurudi saa ngapi?" aliuliza.

"Wiki hiyo, yanajaa saa kumi jioni. Kesho yake yanachelewa, saa kumi na dakika arobaini. Inayofuata, yanasogea tena. Lakini sitakudanganya ndio nipate mgeni. Kwetu maji yakijaa hufika ukutani, na kuna ngazi tisa hazina cha kushika. Mama hatashuka. Kila mahali uliza hivyo: maji ya saa kumi yanafika wapi, na kuna ngazi?"

"Asante sana, Mabonga. Umetuokoa."

"Karibuni tu. Hata kusalimia."

Simu ilipokatika, Jerop aligeuka kutoka dirishani.

"Saa kumi," alisema. "Saa kumi ni ya kukamua."

"Ng'ombe wenyewe tunawakamua saa ile ile kila siku," alisema Kigen. "Huyu wa bahari anabadilisha kila siku. Ningemuuza."

Lakini Jerop hakucheka. "Miaka thelathini na moja, Baba Chelimo. Saa kumi haijawahi kunikuta mahali pengine. Isipokuwa wodini."

"Hiyo wiki saa kumi ni yangu," alisema Muthoni kwa sauti ndogo, kisha akaipandisha. "Wewe simama kwa maji. Na uniletee halua, si mchanga!"

Jerop alifuta macho kwa ncha ya leso. Kigen alikwenda akamshika bega.

Akarudi mezani. Akaondoa punje ya Kikambala, na ya Tiwi. Zilibaki tano, na kila moja ilihitaji simu upya. Alikuwa ameandika jina la kwanza, Diani, na mbele yake "saa kumi? ngazi?", ng'ombe walipoanza kulia zizini.

"Twende unioneshe yule ng'ombe mkali," Muthoni alisema.

Kigen alifunika kalenda kwa sinia, taratibu, punje zisiteleze. Akachukua ndoo.

"Kesho naanza na Diani," alimwambia Jerop.

"Sawa," alisema, tayari ameinua fimbo. "Ngoja nifike mlangoni. Moja. Mbili."