Mdoli Haujazinduliwa

Nesi Eufrazia alikuwa na vyeti viwili vya kumfufua mtu ambaye moyo wake umesimama, na hakuwahi kukandamiza kifua cha mtu wala cha mdoli hata mara moja. Cha kwanza alikipata kwenye semina ambayo umeme ulikatika mwalimu akiwa bado anaunganisha projekta. Cha pili alikipata kwenye semina ambayo mwalimu hakuja kabisa, ila vyeti vilikuja. Mumewe Fransis, fundi wa kuchonga vinyago, alivitengenezea fremu za mninga akavitundika sebuleni kwao Gongo la Mboto, juu ya televisheni, mgeni akiingia asikose kuviona.

Vyeti vile havikumsumbua mtu mpaka Fransis alipoanza kuhema kwa kupanda ngazi mbili za barazani. Daktari wa moyo alimpima, akasema moyo umetanuka. Akampa dawa, akamkataza chumvi, akamkataza kubeba magogo. Kisha akamwita Eufrazia pembeni akamwambia bila kuzunguka: moyo wa namna hii unaweza kusimama ghafla, na ukisimama, aliyeko karibu asipoanza kukandamiza kifua pale pale, gari la wagonjwa litakuja kubeba maiti.

Ukoo mzima wa Fransis kule Masasi ulipiga simu kutoa pole, na kila aliyepiga alimalizia vilevile. "Ila sie hatuna wasiwasi, shemeji. Si upo wewe na vyeti vyako?"

Eufrazia alikuwa anaitikia "ndiyo," akikata simu anakaa kwenye kochi anavitazama vile vyeti kama mtu aliyeuziwa simu mtaani, akafungua boksi akakuta kipande cha sabuni.

Kwa hiyo zahanati anayofanyia kazi ilipoletewa mwaliko wa semina nyingine, aliomba yeye aende. Mwenye zahanati alishangaa, maana kwa kawaida watu huenda semina kwa kusukumwa. Lakini safari hii kulikuwa na habari mpya: umeletwa mdoli wa kisasa wa kujifunzia, una springi kifuani, na ukiukandamiza sawasawa unalia tak. Usipolia, jua mgonjwa wako amekwenda.

Semina ilifanyika kwenye ukumbi wa harusi ambao ulikuwa bado na mapambo ya jana yake. Mdoli ulikuwa umelazwa meza kuu, ndani ya nailoni ya kiwandani, juu yake shuka jeupe, juu ya shuka utepe mwekundu. Kando yake kulikuwa na kiti kikubwa kitupu cha mgeni rasmi. Manesi wa zahanati za Temeke na Kinondoni walikaa chini, kwenye viti vya plastiki, wakiutazama ule mzigo kama watu waliokuja kuaga mwili.

Mwalimu alikuwa kijana anaitwa Brightson, amevaa suruali ambayo haiogopi kupiga magoti. Alifika mapema, akaenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa kamati ya maandalizi, Mzee Marijani, mtu wa suti ya bluu na beji kubwa kifuani.

"Shikamoo mzee. Naomba niufungue mdoli tuanze, watu wameshakaa."

"Marahaba. Tuanze nini?"

"Mafunzo, mzee."

Marijani akamtazama kwa huruma. "Kijana, mdoli haujazinduliwa."

"Lakini ni mdoli tu, mzee."

"Na zahanati ya kule kijijini kwetu ni zahanati tu. Imejengwa, imepakwa rangi, vitanda vimo, inasubiri kuzinduliwa, mwaka sasa imepigwa kufuli. Umesikia mtu amelalamika?"

Manesi wa mstari wa mbele wakatazamana. Lile swali lilikuwa na jibu, ila wenye jibu walishazikwa.

Basi wakaanza na utambulisho. Kila mtu alisimama, akataja jina, zahanati, na matarajio yake kwenye semina. Matarajio ya wote yalikuwa kujifunza. Zamu ya Eufrazia ilipofika alisema, "Mimi natarajia kuugusa huo mdoli." Watu wakacheka. Marijani alicheka pia, akasema mama anapenda utani.

Baada ya utambulisho ikaundwa kamati ya mapokezi. Baada ya kamati ya mapokezi likafanyika zoezi la wimbo wa kumkaribisha mgeni rasmi, na wimbo huo ulirudiwa mpaka sauti ya pili ikakaa sawa. Kisha supu na chapati. Mgeni rasmi alikuwa njiani. Alipopigiwa tena alikuwa bado njiani.

Brightson hakukaa bure, Mungu amjalie. Alichora mtu ubaoni, akaonyesha katikati ya kifua, akaeleza kiganja kikae wapi. Halafu akaamua wafanye zoezi hewani. Ukumbi mzima ukasimama, mikono imepandana, ukaanza kusukuma hewa kwa mkupuo.

"Dada Eufra," akanong'ona Naima, nesi wa Tandale aliyesimama kushoto kwake, "mie najiona natwanga kisamvu, ila kinu sikioni."

"Kina cha vidole vitatu hivi," mwalimu alikuwa anasema. "Mnakisikia?"

"Tunakisikia!" wakaitikia wote, maana hewa haimbishii mtu.

Eufrazia alisukuma mpaka jasho likamtoka, lakini alijua anadanganywa. Hewa haina mbavu. Alimfikiria Fransis, kifua kipana cha mtu aliyechonga mpingo miaka yote, akajiuliza kifua kile kinahitaji nguvu kiasi gani. Jibu lilikuwa mezani, mbele yake, limefungwa utepe.

Mgeni rasmi aliingia watu wameshakula pilau. Aliitwa Mheshimiwa Lusungu, anatoka ofisi moja yenye jina refu kuliko kazi zake. Wimbo ukaimbwa, sauti ya pili ikakaa. Mheshimiwa akasema alikuwa na hotuba ndefu ila atasema machache, akayasema yale machache mpaka barafu ya kwenye soda ikayeyuka. Alizungumzia amani, kilimo, matumizi mabaya ya simu kwa vijana. Moyo aliutaja mara moja, aliposema kwamba amefurahi kutoka moyoni.

Kisha akakata utepe. Shuka likavutwa, nailoni ikachanwa, na mdoli ukaonekana: kijana wa plastiki asiye na miguu, mdomo wazi, kama na yeye alikuwa ameshangazwa na hotuba. Mheshimiwa akauwekea vidole viwili kifuani, kama anavyofanya mtu anayejaribu pasi kama imepata moto, akauondoa mkono haraka. Mdoli haukulia. Vigelegele vikapigwa hata hivyo, picha zikapigwa, na Marijani akachukua kipaza sauti.

"Ndugu washiriki, mdoli umezinduliwa rasmi! Sasa tutaufunga, maana gari linausubiri, kesho unazinduliwa Mbagala."

Eufrazia alihisi kama aliyefika kituoni akaona basi linaondoka. Naima alisema kwa sauti, "Khe!" Brightson alisimama, akafungua mdomo, akatazama beji ya Marijani, akakaa.

"Ila kabla hatujaufunga," Marijani akaendelea, "neno la shukrani kwa niaba ya washiriki. Tumempendekeza mama yetu, nesi mwandamizi, Eufrazia. Kwa kifupi, mama. Mheshimiwa ana kikao."

Hakuna aliyemwambia mapema. Walimchagua kwa sababu alikuwa mkubwa kwa umri na alikuwa amevaa kitenge kizuri. Eufrazia akapanda jukwaa la meza kuu, akapokea kipaza sauti, akaanza vizuri tu. "Mheshimiwa mgeni rasmi, itifaki imezingatiwa." Mdoli ulikuwa mbele yake, karibu kuliko sahani ya mtu. Aliwaza kwamba akishuka pale bila kuugusa, atarudi nyumbani na cheti cha tatu, na Fransis atakitengenezea fremu.

Akaweka kipaza sauti mezani. Akaubeba mdoli kwa mikono miwili, akaulaza chini sakafuni, akapiga magoti kwenye kitenge chake kizuri, akaanza kukandamiza.

Kimya. Akasukuma tena, kwa nguvu aliyodhani ni nyingi. Kimya. Kumbe hivi ndivyo ambavyo angemfanyia mumewe: angempapasa mpaka afe.

"Mama Eufrazia!" Marijani alikuwa ameinama, ananong'ona kwa ukali. "Itifaki! Mama, hiyo haimo!"

"Kuna nini hapo?" akauliza Mheshimiwa. "Hii nayo ni sehemu ya ratiba?"

Marijani akanyooka. Kwa mtu kama yeye, kuliko kukubali mbele ya mgeni rasmi kwamba kuna jambo linafanyika nje ya ratiba, afadhali avue suruali. "Ndiyo, Mheshimiwa," akasema. "Ni sehemu ya ratiba. Onyesho la washiriki."

Brightson hakungoja kingine. Aliruka meza kama anafukuzwa, akapiga magoti upande wa pili.

"Nyoosha viwiko, mama. Mabega yaje juu ya mikono. Usisukume kwa mikono, sukuma kwa mwili wako wote. Zaidi. Unaogopa nini, haumi!"

"Nitamvunja."

"Mvunje! Ubavu unaunga. Zaidi!"

Tak.

Eufrazia akasita kidogo, kama aliyesikia jina lake. Akasukuma tena. Tak. Akaacha kifua kirudi juu kama alivyoambiwa, akasukuma. Tak, tak, tak. Ilikuwa ngumu kuliko alivyowahi kufikiria, ngumu kama kukamua godoro lililoloa, na kabla muda wa nyimbo mbili za singeli haujaisha mikono iliishiwa nguvu na mlio ukakata.

"Umechoka," Brightson akasema. "Kila mtu huchoka. Ndiyo maana hii kazi haifanywi na mtu mmoja. Ita mwenzio."

"Naima! Njoo unipokee!"

Naima alikuwa ameshavua viatu. Nyuma yake wakapanga foleni wengine, wenye wigi na wenye hijabu, wanaheshimiana kwa viwiko. Wengi mdoli uliwanyima mlio mara ya kwanza, wakazomewa, wakarudia mpaka ukalia. Dereva wa gari la Mbagala aliingia kuuliza mzigo uko wapi, akaambiwa akae kwenye foleni.

Mheshimiwa, kwa kuwa ilikuwa sehemu ya ratiba, na yeye alikaribishwa. Alipiga magoti na koti lake, akasukuma. Hakuna kitu. Akavua koti, akasukuma mpaka mshipa wa shingo ukasimama. Hakuna kitu. Kila mtu akatazama pembeni.

"Tak!" akaita Marijani kwa mdomo wake mwenyewe, na akaongoza makofi.

Jioni Eufrazia alifika nyumbani viganja vinamuuma, amebana bahasha ya cheti kwapani. Fransis alikuwa barazani anapiga msasa kinyago kidogo, kazi pekee aliyoachiwa na daktari.

"Pole na kazi, mama. Wamekupa?"

"Wamenipa. Usihangaike na fremu. Ingia ndani ulale chali mkekani."

"Jua halijazama, mke wangu."

"Fransis, lala."

Akalala. Eufrazia akapiga magoti, akatafuta katikati ya kifua kwa vidole, akaweka kiganja. Chini ya mkono wake moyo ulikuwa unagonga, umechoka lakini unagonga. Hakusukuma.

"Mbona huanzi?"

"Hafanyiwi mtu ambaye moyo wake unagonga, nitakuvunja mbavu. Nilitaka kujua mahali. Siku ukianguka naanzia hapa, na nguvu ninayo, leo nimeiona."

Fransis akatazama dari. "Sawa. Nikianguka asubuhi je? Wewe saa hizo uko zahanati, unachoma watu sindano. Mie huwa niko hapa na msasa wangu."

Siku nzima Eufrazia alipigania mikono yake ijue, na mikono hiyo hushinda zahanati, mbali na nyumbani. Alibaki na kiganja juu ya kifua cha mumewe, anasikiliza nje. Nje kulikuwa na mafuta yanachemka: jirani yao Mwanakombo, mwanamke wa mikono minene ambaye asubuhi na jioni hukaanga vitumbua kando ya ukuta wao, hatua chache kutoka pale Fransis anapokaa.

Akainuka, akavuta godoro la chumba cha wageni, akalikunja na kulifunga kwa kanga mpaka likawa gumu kama kifua cha mdoli. Akalibwaga sebuleni, akatoka mlangoni.

"Mwanakombo! Ipua hayo mafuta, njoo!"

Mwanakombo alikuja anakimbia, upawa bado mkononi, macho yamemtoka. "Yallah! Kuna mgonjwa?"

"Bado," Eufrazia akasema, akimpokea upawa. "Ndiyo maana nakuita sasa. Piga magoti hapo."