Barafu Ilipogeuka Huko Pechora

Baba yangu, Yevlampy Kozhin, alikuwa nahodha wa meli ya mafuta ghafi, na mume wangu Arseny alikuwa msaidizi wake wa kwanza. Walikuwa wakipakia mafuta kutoka jukwaa la kuchimbia lililosimama katikati ya bahari ya Pechora na kuyaleta huku Murmansk. Nyumbani niliwapikia supu ya samaki kwenye sufuria moja.

Machi ile, meli yao ilikuwa imefungwa kwa pua kwenye jukwaa, bomba nene la mpira likimimina mafuta ndani yake, upepo ulipogeuka ghafla. Barafu ikaanza kuisukuma meli ubavuni. Arseny akataka mpira huo uachiwe.

“Subiri,” baba akamwambia. “Ofisi wananipigia simu tangu asubuhi. Tukiondoka hatujajaa watanitafuna.”

“Kamba imekaza, Kapteni. Mpira ukipasuka tutaichafua bahari yote hii.”

“Nimesema subiri. Nahodha humu ni nani?”

Arseny akabonyeza kitufe cha dharura. Kamba na mpira vikachomoka, vali za mafuta zikajifunga, na mafuta yaliyodondoka kwenye barafu yasingejaza ndoo. Meli ikarudi nyuma salama. Lakini barafu ilizidi kusongamana, hawakuweza tena kulikaribia jukwaa, wakaja bandarini nusu tupu.

Kampuni ikawaita. Baba alikuwa amebakiza safari moja astaafu. Akasema msaidizi wake aliingiwa na woga, akabonyeza bila amri. Bila amri ilikuwa kweli. Amri yake mwenyewe ya kusubiri hakuitaja. Arseny alipoulizwa alimtazama mkwewe, akanyamaza, akidhani mzee ataimalizia habari. Mzee akakunja mikono.

Arseny akafukuzwa. Kila meli ya mafuta alikoomba kazi walikuwa wameshasikia habari zake. Akaishia kwenye boti ya kuvua kaa, anarudi vidole vimevimba, hawezi kufunga kifungo cha shati.

Siku ya kumuaga baba kazini sikwenda. Jioni akaja kwetu na keki iliyobaki, nishani bado kifuani.

“Glasha, mbona hukuja? Wamekuulizia.”

“Nilikuwa namkanda Arseny mikono.”

“Atapata meli. Bado kijana.”

“Mtu mwoga nani atamchukua, baba?”

Akaiweka keki mezani. “Ningesema, wangeniondoa kwa aibu, miaka yote ile baharini ipotee hivihivi. Ungenilea wewe?”

“Ningekulea. Na yeye angekulea.”

Baba akavaa kofia yake. Arseny, aliyekuwa amelala chumba cha pili, akaita kwa sauti ya chini, “Mwambie mzee aangalie, nje ya mlango kuna utelezi.”

Baba alisikia. Aligeuka pale kizingitini kama anayetaka kurudi ndani, kisha akatoka.

Keki niliwapa majirani. Arseny akitoka baharini humpelekea baba kaa, na hukaa naye kidogo. Mimi siendi.