Ukuta Mtupu Juu ya Mlango

Nyumba ya zamani ya Katumba haikuwa na mchoro wala mchoraji. Kila alipozaliwa mtoto, mzee Salvatori alitoboa dirisha moja kwenye ukuta wa mbele, basi. Majirani walimtania kwamba akiendelea hivyo atabaki na madirisha bila ukuta.

Bintiye Joséline siku hizi anachora nyumba za watu Mpanda mjini, na kaka yake Ladislas amemtaka achore ghorofa la kusimama palepale ilipo nyumba ya marehemu baba. Mafundi wapo, tofali zipo. Kikwazo ni mama yao, Épiphanie, aliyesema hakuna atakayegusa nyumba yake mpaka aione sura ya hiyo mpya na kuipenda.

Sura yenyewe ilimtoa jasho Joséline. Aliweka mlango katikati, dirisha huku na huku, na madirisha ya juu yakafuata mstari wa yale ya chini. Vipimo vilikaa sawa, ila ukuta wa juu ya mlango ulibaki mtupu, kama uso usio na pua. Alijaribu nakshi ya nyota, ikawa hovyo kabisa, akaifuta.

Aliupeleka mchoro hivyohivyo. Mama alikuwa mbele ya nyumba akichambua maharage.

"Nzuri," alisema. "Ila dirisha la kwanza umeliweka wapi?"

Joséline akamwonyesha lililokaa mahali pa lile la Ladislas.

"Hilo ni la pili."

Joséline akageuka kuutazama ukuta wa nyumba ya zamani. Lake lilikuwepo, lile alilokalia utotoni akinusa tumbaku iliyokuwa ikikauka kwenye bani, banda la kuikaushia. Pembeni yake akauona ufa. Kila masika ulirudi kuchora mraba uleule ukutani, na baba akaukandika tena. Siku moja Joséline alichora maua ya mkaa ndani ya mraba ule, na baba, asiyegombeza mtu, alimgombeza.

"La Maiko," mama akasema. "Mkubwa wenu. Hakumaliza mwaka. Baba yenu aliliziba mwenyewe, hakutaka litajwe."

Machozi yakamtoka Joséline. Akachukua penseli, akachora dirisha juu ya mlango kwenye mchoro, refu kidogo kuliko mengine. Nyumba nzima ikatulia.

Mama aliligusa kwa kidole chenye vumbi la maharage.

"Hili mlitie kioo."

"Tutalitia, mama."

"Haya. Mwambie Ladislas abomoe."